Digrii ya uhandisi wa viwanda: hela iliyotoka na hela iliyorudi

Milioni 1.8 kwa mwezi, mshahara wangu wa sasa kiwandani, ni hela ambayo ukiitaja kijiweni mtu anakugeukia mara mbili. Sasa ngoja nikuonyeshe inavyofika mkononi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua 10%, hiyo ni 180,000, inabaki 1,620,000 ambayo ndo inatozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na kwa viwango vya sasa hapo kodi ni 314,000, afu bodi ya mikopo wanakata 15% ya mshahara kabla hata haujaguswa, 270,000. Kinachoingia benki ni 1,036,000. Hapo hujalipa pango, hujatuma kwa mama, na ndugu wote wanajua wewe ni "injinia".

Naandika hii kwa sababu kila msimu wa maombi ya vyuo ukianza napigiwa simu na watu wenye watoto waliomaliza PCM (fizikia, kemia, hesabu) kidato cha sita, swali ni lile lile, hii kozi inalipa? Na mi huwa nashindwa kujibu ndiyo au hapana kwa simu, maana inalipa, ila inalipa kwa kuchelewa, na kuna watu haiwalipi kabisa, na tofauti ya makundi hayo mawili haiko kwenye GPA. Mi mwenyewe nimesoma uhandisi wa viwanda miaka minne, nikamaliza 2017, toka hapo niko viwandani Dar, kwanza plastiki, sasa hivi vinywaji.

Tuanze na gharama maana watu wanaihesabu vibaya. Wakiulizwa digrii inagharimu kiasi gani wanataja ada. Ada yangu ilikuwa milioni moja na laki kadhaa kwa mwaka, chuo cha serikali, na sehemu kubwa ililipwa na mkopo. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa 7,500 kwa siku tulivyoingia, baadaye likapanda 8,500, na hilo bumu ndo deni lenyewe, sio ada, watu wanasahau kwamba chipsi mayai ulizokula mwaka wa kwanza unazilipa ukiwa na mtoto wa chekechea. Juu yake kuna kikokotoo cha Casio, vifaa vya droo, laptop yumba yumba uliyonunua Kariakoo ambayo haiwezi kufungua SolidWorks, programu ya kuchorea, bila kuzima kwanza, nauli za field (mafunzo ya vitendo) kila mwisho wa mwaka. Mzee alijazia pale mkopo ulipoishia, sitaki hata kukumbuka aliuza nini. Jumla mpaka natoka deni langu la bodi lilikuwa kama milioni 12.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haiandikwi popote. Ni miaka.

Nina mshkaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne 2010. Mi nikaenda advansi, yeye akaenda diploma ya mekaniko, miaka mitatu, 2014 akatoka akapata kazi ya ufundi kiwandani kwa laki tatu na nusu. Mi naanza kazi 2018 mwanzoni. Yaani yeye kanitangulia zaidi ya miaka mitatu akiwa anakula mshahara wakati mi nagombania nafasi ya kulala hosteli. Piga hesabu ya miaka mitatu tu: 350,000 mara 12 mara 3 ni milioni 12.6. Ongeza deni langu la milioni 12. Toa ada yake ya diploma tuseme milioni 3 ambazo wazazi wake walilipa. Siku nasaini mkataba wangu wa kwanza nikiwa najiona msomi, nilikuwa nyuma yake kwa milioni 21 na ushee. Yeye tayari ana kiwanja Chanika, kidogo, ila kiwanja.

Na mkataba wenyewe ulikuwa laki 6. Cheo: supavaiza wa shifti.

Hapa ndo pa kukaa kidogo, maana nadhani wengi wanaosoma hii kozi wanaishia kwenye hicho kiti na hawaelewi kwa nini hela haionekani. Mwaka wa pili nikapandishwa kuwa laki sita na nusu. Chini yangu kulikuwa na mafundi wa diploma wenye besiki ya laki nne na nusu hivi. Kwenye karatasi mi nawazidi laki mbili. Sasa sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inasema wiki ya kawaida ni masaa 45, ukizidisha unalipwa mara moja na nusu, na overtime haitakiwi kuvuka masaa 50 ndani ya wiki nne. Fundi wa laki nne na nusu akipiga hayo masaa 50 yote, na kiwandani kwetu walikuwa wanayapiga maana mashine zilikuwa kongwe, anaongeza kama 173,000. Jumla 623,000. Anakatwa NSSF, anakatwa kodi kidogo, bodi ya mikopo hana habari nayo, anaondoka na kama 532,000. Mi wa laki sita na nusu: NSSF 65,000, kodi 33,000, bodi 97,500, nabaki na 454,500. (Hesabu zote nimepiga kwa viwango vya kodi vya sasa ili nisikuchanganye.) Na overtime sina, kwa nini, kwa sababu nikiuliza naambiwa wewe ni menejimenti. Sheria kweli inawatoa kwenye mambo ya masaa wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, supavaiza wa shifti anayeripoti kwa meneja anayeripoti kwa meneja mwingine sijui kama anafika huko, ila nani atabishana na HR akiwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Kwa hiyo fundi niliyekuwa namsainia fomu ya overtime alikuwa anaondoka na hela nyingi kuliko mimi ninayesaini. Tulikuwa tunacheka nae, ila mi kicheko changu kilikuwa cha upande mmoja.

Kuhusu deni nalo niseme, maana wanaoingia sasa hivi wana unafuu ambao sisi hatukuanza nao. Mwaka 2016 makato yalipanda toka 8% kwenda 15%, na kulikuwa na ile 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni la milioni 12 hiyo 6% ni 720,000 kwa mwaka. Mi kwa mshahara wa laki 6 nilikuwa nakatwa 90,000 kwa mwezi, mwaka mzima 1,080,000. Yaani theluthi mbili ya nilichokuwa nalipa inaenda kwenye ile 6%, deni lenyewe linapungua kama halitaki. Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza Rais Samia akatangaza kuifuta, aisee siku hiyo grupu letu la WhatsApp la darasa lilikuwa kama harusi. Sasa hivi unacholipa kinapunguza deni kweli. Na toka mwaka wa masomo 2023/24 hata diploma za baadhi ya fani wameanza kupewa mkopo, kwa hiyo ile faida ya mshkaji wangu ya kutoka bila deni nayo haitakuwepo kwa wote.

Sasa upande wa hela iliyorudi.

Kiwanda changu cha kwanza tulikuwa tunatengeneza chupa za mafuta, lita moja, zile nyeupe nzito. Mashine inayeyusha punje za plastiki, mrija wa plastiki laini unashuka toka kwenye dai (kile kichwa cha chuma chenye tundu la kutolea plastiki), moldi, yaani kalibu ya chupa, inafunga, hewa inapuliza, chupa inatoka. Chupa ilitakiwa iwe na gramu 52. Naiti shifti moja nikakaa na kamzani ka digitali pale mwisho wa laini sina hata sababu, usingizi tu, nikawa napima moja moja. 56. 55.8. 56.3. 56. Nikamuuliza opereta akasema hiyo ya siku nyingi, mteja alilalamika chupa zinapasuka zikidondoka basi wakafungua dai ili plastiki iongezeke, yakaisha.

Gramu 4 mtu unaona ni nini. Tulikuwa tunatoa chupa kama 20,000 kwa siku. Gramu 4 mara 20,000 ni kilo 80 za malighafi kila siku, na malighafi ilikuwa inacheza kwenye elfu tatu kilo. 240,000 kwa siku. Siku tatu ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, inatoka getini imebebwa na wateja bure.

Hiyo hesabu mtu wa digrii anaipiga, sawa, ndo tulichosomea. Ila kwa nini chupa zilikuwa zinapasuka sikujua. Aliyejua ni fundi mmoja mzee, hajasoma hata VETA, kaanza kama kibarua wa kubeba magunia. Nilimwonyesha chupa iliyopasuka akaikata kwa kisu katikati, akapitisha dole gumba kwenye ukingo, akaniambia we shika hapa. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba kama karatasi, na ufa ulianzia kwenye kona ya chini ya ule upande mwembamba. Akasema "hita ya dai upande wa ukutani imekufa, na dai haijakaa katikati, nilisema mwaka juzi." Alisema kweli, alisema, ila alimwambia mtu ambaye hakuwa na namna ya kulibeba hilo neno kulipeleka ofisini likaeleweka.

Ndo nikajua kazi yangu ni nini. Nikapima chupa 50 unene wa pande zote, nikachora, nikaweka hesabu ya kilo 80, nikaweka bei ya hita ambayo haikufika laki mbili, ukurasa mmoja tu, nikapeleka. Mashine ikasimama Jumapili, hita ikabadilishwa, mzee akaikaza dai na zile bolti nne mpaka mrija ukawa unashuka umenyooka, maana mwanzo ulikuwa unapinda kama ndizi, mi nikakaa kwenye paneli nikarudisha unene kidogo kidogo pointi kwa pointi, kona ya chini nikaiachia nene, kwingine kote nikapunguza. Tukajaza maji, tukawa tunadondosha toka usawa wa kifua. 52.4 ikashika, haipasuki. Kilo kama 70 kwa siku zikarudi ndani.

Nilipewa nini? Niliitwa ofisini nikapongezwa, nikapewa bahasha ya elfu 50, mzee nae akapewa elfu 20 (nilipiga kelele kuhusu hiyo, haikusaidia). Mshahara haukusogea. Kwa hiyo usidhani kiwanda kitakulipa kwa sababu umekiokolea hela, bosi wa pale alikuwa anaona hiyo ni kazi yangu na kiukweli hakukosea sana.

Lakini ule ukurasa mmoja ndo ulionitoa. Kwenye CV nilikuwa naandika mambo kama "kusimamia uzalishaji wa kila siku" kama kila mtu, nikafuta nikaandika uzito kabla, uzito baada, hela kwa mwezi. Nilipoitwa intaviu kiwanda kingine, kikubwa, cha vinywaji, robo tatu ya muda tuliongelea ile chupa tu. Hakuna aliyeniuliza GPA. Waliniuliza ulijuaje kama tatizo sio malighafi yenyewe, mbona hukubadilisha moldi, nani alikuwa hataki. Nafasi ilikuwa ya injinia wa mchakato, sio supavaiza, na tangazo liliandika wazi digrii lazima. Mzee wangu wa dai asingeweza hata kutuma barua ya maombi, na anajua mashine kuliko mimi mpaka leo. Mshkaji wangu wa diploma nae asingeweza. Hapo ndo digrii ilipofanya kazi yake ya kwanza ya maana kwangu, ilifungua mlango ambao ujuzi peke yake haufungui, si haki lakini ndo ilivyo. Milioni 1.8 inatokea hapo, baada ya miaka ya laki sita na kitu.

Sasa rudi kwenye ile milioni 21 niliyokuwa nyuma. Kwa kazi hii mpya nikitoa makato yote namzidi mshkaji wangu kama laki tatu na nusu hivi kwa mwezi ukilinganisha na anachopata sasa hivi, maana nae kapanda, ni supavaiza wa meintenansi. Milioni 21.6 gawanya kwa 350,000 ni kama miezi 62, miaka mitano. Na hiyo saa inaanza kuhesabu toka nilipopata kazi ya pili, sio toka nilipohitimu. Ile miaka ya laki sita na laki sita na nusu haikupunguza pengo hata shilingi, pengine iliongeza. Ningebaki pale pale mpaka leo jibu la "inalipa?" lingekuwa hapana kabisa, na ninao niliosoma nao ambao bado wako pale, watu wenye akili kunizidi.

Wengine hawakukaa. Kuna waliokimbilia benki na kampuni za simu, hawajashika spana toka field ya mwaka wa tatu. Kuna waliokwenda migodini Geita, hao ndo wanakula vizuri kutuzidi wote, ila ratiba ya mgodi sio ya kila mtu, ndoa mbili tatu nimeziona zikiyumba. Na kuna kundi lililopita kwenye miradi mikubwa, bwawa la Nyerere kule Rufiji, SGR, bomba la mafuta la Tanga, mshahara mzuri lakini mradi ukiisha mkataba unaisha, na miezi ya kukaa nyumbani kusubiri mradi mwingine inatafuna kila ulichoweka.

Kitu kingine ambacho tulikuwa tunakipuuzia chuoni ni usajili. Kisheria huwezi kujiita mhandisi hapa kwetu bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ukitoka chuo una karatasi tu. Wana ule mpango wao wa SEAP toka 2003, unafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, muda unaofika miaka mitatu, unaandika ripoti. Viwanda vingi vya watu binafsi havijali, bosi wa plastiki hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Ila ukitaka serikalini, ukitaka ushauri wa kitaalamu, ukitaka kusaini kitu kwa jina lako, bila "Eng." umekwama. Kama una bahati ya kuanza chini ya mtu aliyesajiliwa, anza kuandika ripoti hiyo wiki ya kwanza, maana kukumbuka ulifanya nini miaka miwili nyuma ni mateso.

Njia ya diploma kwanza? Wengi hawaipendi kwa sababu ya sifa, mzazi anataka aseme mwanangu yuko chuo kikuu. Mi ningekuwa na mtoto wa kidato cha nne anayependa kufungua vitu ningemwambia aende diploma, afanye kazi miaka miwili mitatu, afu arudi kuchukua digrii, hiyo njia ipo na inakubalika, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kwa mfano wana diploma na wana digrii hapo hapo. Anafika kwenye digrii anajua hita ya dai ni nini, na huenda mwajiri akamchangia, japo hilo la kuchangiwa usilipigie mahesabu. Ila kama tayari kamaliza kidato cha sita na ana PCM nzuri na mkopo anapata, basi aende tu digrii, kurudi nyuma tena kuanza diploma ni kupoteza ile miwili ya advansi.

Mastaz nimeulizwa pia. Kwa kiwandani, kwa ninavyoona, hairudishi hela mpaka uwe unatafuta kufundisha au cheo cha umeneja ambapo watu wanapenda zaidi MBA, mastaz ya biashara. Mi nimeamua kumalizia mambo ya ERB kwanza, ada ya mastaz ningeilipa mfukoni wakati bodi bado wananikata 270,000 kila mwezi, hapana kwa kweli.

Na kama umeitwa intaviu wiki hii kwa nafasi yenye neno "supavaiza" ndani yake, kabla hujafurahia ile namba, uliza hicho cheo kina overtime au hakina, na jibu lolote watakalokupa waombe waliandike kwenye mkataba.